Outback, Levorg au Fielder ya fowili: vipimo vya kusoma kabla ya kuagiza

Familia inayotafuta wagoni la petroli linalovuta kwa magurudumu yote manne kutoka Japani, iwe Tanzania au Kenya, mara nyingi huishia kwenye magari matatu: Subaru Outback ya BS9, Subaru Levorg ya VM4 na Toyota Corolla Fielder ya NZE164. Matangazo hutanguliza farasi za injini na neno 4WD, yaani fowili. Kwa barabara zetu hayo si ya kutanguliza. Kinachoamua kama mtafika salama na watoto na mizigo ni kimo cha tumbo la gari kutoka ardhini, unene wa ukuta wa tairi, na jinsi injini inavyovuta ikiwa imebeba kweli. Fowili ina kazi yake, tutaifikia, lakini haiinui gari juu ya jiwe hata kwa milimita moja.

Anza na msimbo wa modeli

Hakikisha kwanza gari unaloonyeshwa ndilo unalolitaka. Kibati cha modeli na karatasi ya mnada huwa na msimbo kama DBA-BS9. Herufi tatu za mwanzo zinahusu viwango vya moshi na aina ya injini: kwa magari ya rika hili, DBA ni petroli, DAA ni haibridi na LDA ni dizeli. Hapo ndipo wengi hukosea kwenye Mazda Atenza wagoni. Ukiona inatangazwa kuwa ya fowili, ujue ni dizeli ya lita 2.2, kwa sababu ile ya petroli iliuzwa Japani ikivuta magurudumu ya mbele tu.

Kwa Fielder makosa ni rahisi zaidi, maana zote zinafanana sura. NZE164 ndiyo ya 1.5 yenye fowili. NZE161 ni 1.5 ya kuvuta mbele, ZRE162 ni 1.8 ya kuvuta mbele, NKE165 ni haibridi, nayo pia ni ya mbele. Mwenye shaka ainame nyuma ya gari atazame chini: kama hakuna difu (kasha la gia la kugawa nguvu) kati ya magurudumu ya nyuma na propela inayoingia ndani yake kutoka mbele, hiyo si fowili, hata tangazo liseme nini. Kwa Levorg, VM4 ni ya cc 1,599 na VMG ni ya lita 2.0 yenye farasi 300. VMG tuiweke kando mapema. Imetengenezewa petroli ya daraja la juu la Japani, ambayo oktani yake huanzia 96, na petroli ya namna hiyo huipati kila kituo ukishatoka mjini. VM4, Outback na Fielder hutumia petroli ya kawaida ya Japani, inayoanzia oktani 89, kwa hiyo hapa kwetu hazina shida.

| | Outback BS9 | Levorg VM4 | Fielder NZE164 |
|---|---|---|---|
| Injini | FB25, cc 2,498, bila turbo | FB16, cc 1,599, turbo | 1NZ-FE, cc 1,496, bila turbo |
| Farasi (PS) | 175 | 170 | 103 |
| Mvuto | Nm 235 kwa mizunguko 4,000 | Nm 250 kuanzia mizunguko 1,800 | Nm 132 kwa mizunguko 4,400 |
| Uzito mtupu | kama kilo 1,580 | kama kilo 1,550 | kama kilo 1,210 |
| Kimo cha chini | mm 200 | mm 130–135 | mm 150–155 |
| Tairi | 225/65R17 au 225/60R18 | 215/50R17 au 225/45R18 | 175/65R15 |
| Urefu × upana | mm 4,815 × 1,840 | mm 4,690 × 1,780 | mm 4,400 × 1,695 |

Zote tatu hutumia giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua.

Kimo na tairi ndivyo vinavyotenganisha magari haya

Tazama safu ya kimo. Kati ya Outback na Levorg kuna karibu sentimita 7, na magari haya mawili yametoka kiwanda kimoja na yana injini za ukoo mmoja. Kimo hicho hupimwa gari likiwa tupu. Weka watu watano, mabegi, gunia la viazi na ndoo mbili za mafuta ya kula nyuma, na tumbo la nyuma linaweza kushuka sentimita 3 hadi 5. Outback itabaki na 15 hadi 17, yaani sawa na Fielder isiyobeba kitu au zaidi. Levorg itabaki na 9 hivi. Kwa tuta la barabarani lililojengwa bila kipimo, sentimita 9 ni kukwaruza kila siku.

Kwenye Levorg kuna jambo jingine ambalo jedwali halionyeshi. Turbo ya FB16 haikukaa juu ya injini. Imekaa chini, upande wa mbele, karibu na bomba la moshi. Kilicho juu, chini ya lile tundu la boneti, ni kipoza hewa cha turbo. Kwa hiyo jiwe linaloruka au bonge la udongo mkavu katikati ya njia haligongi sampu (bakuli la oili chini ya injini) peke yake. Linaweza kugonga pia turbo na mabomba ya oili yanayoilisha. Plastiki ya kufunika chini ya injini ni ya kuelekeza upepo, haikutengenezwa kuzuia mawe. Ukinunua Levorg, weka bamba la chuma au aluminiamu la kulinda injini kabla hujaitoa mjini, na liwe na matundu ya kupitisha hewa ili turbo isije ikapika kila kilicho karibu nayo.

Wengi hunyanyua Levorg kwa spesa juu ya shokapu. Spesa ya milimita 20 hadi 30 inasaidia, lakini kila milimita unayoongeza hupinda zaidi viungo vya drive shafti, na buti zake za mpira huanza kupasuka na kumwaga grisi. Ukishanyanyua, fanya alaimenti siku hiyohiyo na urekebishe taa za mbele, la sivyo utawapofusha wanaokuja usiku. Usipande zaidi ya milimita 30. Anayetaka kimo cha Outback anunue Outback.

Sasa tairi. Chukua namba ya kwanza, izidishe kwa asilimia inayofuata, utapata ukuta wa tairi. 225/65 ni milimita 146. 225/60 ni 135. Fielder yenye 175/65 ina 114, na Levorg yenye 225/45 ina 101 tu. Ukuta huo ndio mto kati ya shimo na rimu. Gari likiingia kwenye shimo lenye kingo kali kwa kasi ya kilomita 80, tairi yenye ukuta mfupi hubanwa hadi chuma kikagusa lami: hapo rimu hupinda, nyuzi za ndani hukatika, na siku mbili baadaye unaona uvimbe ubavuni. Kwa hiyo, kwenye Outback chagua ya inchi 17 ukiipata, hata kama ya inchi 18 inapendeza zaidi. Kwenye Levorg, toleo la GT lenye inchi 17 ni afadhali kuliko GT-S.

Fungua pia sakafu ya buti uone kuna nini. Magari mengi ya Japani ya miaka hii hayaji na spea kamili. Utakuta tairi jembamba la dharura, au kopo la dawa ya kuziba pancha, ambalo halisaidii kitu tairi likipasuka ubavu kati ya Dodoma na Singida.

Injini ikipanda mlima

Kwa karatasi, farasi 175 za Outback na 170 za Levorg ni sawa. Barabarani si sawa, na sababu ni hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Mbeya na Nairobi ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko Outback inakuwa na farasi 145 hivi, na Fielder 85 hivi. Turbo ya Levorg hujaza hewa inayopungua, kwa hiyo haipotezi sana, na mvuto wake wote unaupata kuanzia mizunguko 1,800, kabla injini haijaanza kelele.

Kwa Fielder hesabu inauma. Kilo 1,210 za gari, watu watano kilo 350, mizigo kilo 80: unaburuta kilo 1,640 kwa farasi 85 na mvuto wa Nm 110 hivi. Kwenye mlima Kitonga nyuma ya lori, CVT itaipandisha injini mizunguko 4,500 na kuishikilia hapo dakika nzima bila kubadilika. Injini ya 1NZ-FE inaivumilia kazi hiyo, ni moja ya injini ngumu kufa zilizowahi kutoka Toyota, lakini oili ya CVT inachemka, na kupita lori kunahitaji nafasi ndefu ambayo hapo haipo. Familia inayosafiri hivyo kila mwezi isijidanganye na bei ya Fielder.

Mafuta: zile kilomita 14 au 17 kwa lita za vipimo vya Japani vya JC08 zisikupe matumaini. Kwa matumizi ya mchanganyiko, tarajia Outback kilomita 9 hadi 11 kwa lita, Levorg karibu hivyohivyo kwa mguu wa kawaida na chini ya hapo ukiifukuza turbo, na Fielder ya fowili 12 hadi 14. Kwenye foleni za mjini zote hushuka, na Outback hushuka zaidi.

Fowili zenyewe hazifanani

Outback na Levorg ya 1.6 zina mfumo mmoja wa Subaru: magurudumu yote manne yanapata nguvu muda wote, kwa uwiano wa kuanzia wa 60 mbele na 40 nyuma, na klachi ya sahani nyingi nyuma ya giaboksi hubana au kulegea kulingana na utelezi. Outback ina nyongeza ya X-Mode, swichi inayofanya kazi chini ya kilomita 40 kwa saa: hutuliza pedali ya mafuta, hubana klachi mapema na kushika breki ya gurudumu linalozunguka bure. Kwenye tope la mteremko, swichi hiyo ina thamani kuliko farasi 20 za ziada.

Fielder kwa kawaida inavuta mbele. Ya nyuma huitwa pale tu ya mbele yanapoteleza. Hiyo inatosha kutoka kwenye uwanja wa nyasi zilizolowa, au kupanda kijia cha mfinyanzi chenye urefu wa mita 50. Haitoshi kwa kilomita 20 za tope la Kagera wakati wa masika, na tairi za milimita 175 hazina upana wa kuelea juu ya mchanga. Kwa kilo 70 hivi za uzito wa ziada, difu ya kutunza na mafuta inayokula zaidi, mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza anayekwenda kijijini mara mbili kwa mwaka wakati wa kiangazi anapata faida ndogo mno. Kwake Fielder ya kuvuta mbele yenye tairi nzuri ni chaguo bora kuliko hii ya fowili.

Kuna sharti moja la magari haya ambalo mafundi wetu wengi hulipuuza: tairi zote nne lazima zilingane. Kwa Subaru, tofauti ya mzingo isizidi milimita 6. Tairi moja mpya kando ya tatu zilizolika hulazimisha ile klachi kusuguana muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka, hadi sahani zinaungua. Nunua nne kwa mpigo, za kampuni moja na aina moja, na uzizungushe kila kilomita 10,000.

Nani achukue ipi

Outback ya BS9 ni ya familia ya watu wanne au watano ambayo angalau mara moja kwa mwezi inaiacha lami. Ndiyo inayostahimili mzigo na mashimo kuliko zote tatu, na injini yake hudunga petroli kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali haziotwi masizi kama za injini zinazodunga moja kwa moja ndani ya silinda. Ubaya wake ni upana: milimita 1,840 kwenye vichochoro vya Kariakoo au Eastleigh ni mateso.

Levorg ni ya anayekaa nyanda za juu, barabara zake ni lami, na anataka wagoni linaloshika kona na kupita lori bila kusubiri. Arusha hadi Nairobi, Iringa hadi Makambako, hapo ndipo nyumbani kwake. Buti lake la lita 522, ukihesabu na nafasi ya chini ya sakafu, linatosha familia. La Fielder ni lita 407.

Fielder ya fowili inafaa sehemu chache lakini inafaa kweli: mwalimu au muuguzi wa Lushoto, Njombe au Kisii, familia ndogo, kijia kinachoteleza cha kutoka barabara kuu hadi mlangoni. Vipuri vyake vya injini vinapatikana kila mji, oili lita 3.7 tu na filta yake, na fundi yeyote anaijua.

Kodi pia igeuze hesabu yako. Tanzania, ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya cc 2,000 umekuwa asilimia 10, na kati ya 1,000 na 2,000 ni asilimia 5. Juu yake huongezwa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 likizidi miaka 10. Outback ya BS9 ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi 2021, kwa hiyo zile za mwanzo zimeshabeba mizigo yote miwili: injini na umri. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela, maana bajeti ya kila Julai huweza kubadilisha viwango. Kenya ukomo ni miaka 8, na hapo BS9 za mwisho ndizo zinazoingia. Mwenye uwezo wa kuongeza aitazame Outback iliyofuata, ya BT5: injini ya turbo ya cc 1,795, Nm 300, kimo cha mm 213, na ukubwa wa injini unaoishusha kwenye lile daraja la asilimia 5.

Ukishalisimamia gari

Lala chini ya Subaru kabla ya kulipa, au mlipe fundi alale. Utaona sehemu tatu za kumwagia oili zilizofuatana: ya injini mbele kabisa, kisha ya difu ya mbele na ya CVT nyuma yake. Kosa linaloua Subaru nyingi huanzia hapa. Fundi asiyezijua hufungua nati ya nyuma akidhani ni ya injini, anamwaga oili ya CVT au ya difu, halafu anajaza lita 4.8 za oili mpya kwenye injini ambayo bado imejaa. Gari linaondoka gereji likiwa na oili mara mbili kwenye injini na giaboksi au difu kavu. Ishara ya kukumbuka: nati ya difu ya mbele inafunguliwa kwa biti ya nyota, T70. Fundi akiishika biti hiyo kwa ajili ya oili ya injini, msimamishe. Difu hiyo hutumia kama lita 1.3 za oili ya GL-5 75W-90, na ya nyuma kama lita 0.8.

CVT haina oili ya maisha, hata ukiambiwa hivyo. Kwa joto na milima yetu, badilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000 kwa oili ya CVT ya Subaru yenyewe, siyo ATF (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida) ya dumu. Udhaifu wa giaboksi hizi unajulikana kiasi kwamba Marekani Subaru yenyewe iliongeza dhamana yake hadi miaka 10 au maili 100,000 kwa modeli nyingi. Ukijaribu gari, liache lipate moto kwa dakika 20, kisha ondoka taratibu kutoka kusimama: likitetemeka kati ya kilomita 10 na 30, au likichelewa kushika ukiingiza D, liache. Tafuta uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole mbele na nyuma. Likirukaruka au kujizuia kama limeshikwa breki, klachi ya fowili imeshaungua, na pengine tairi zisizolingana ndizo chanzo.

Kwenye Levorg, oili ya injini kila kilomita 5,000 bila kusogeza, maana turbo ndiyo ya kwanza kuteseka ikichafuka. Sikiliza mluzi wa chuma ukikanyaga, tazama moshi wa bluu ukiachia. Kwenye Outback vuta kijiti cha oili: FB25 za mwanzo, hasa zile za kabla ya BS9, zilijulikana kwa kula oili, kwa hiyo kiwango kikaguliwe kila kilomita 1,000.

Kagua kioo cha mbele. Kamera mbili za EyeSight, mfumo wa Subaru wa kuona hatari mbele na kufunga breki wenyewe, hutazama kupitia hapo, na kioo kilichobadilishwa kwa cha bei rahisi bila kuzipanga upya huacha taa ya EyeSight ikiwaka, na breki ya dharura haifanyi kazi. Breki ya maegesho ya Outback na Levorg ni ya umeme. Pedi za nyuma zinabadilishwa baada ya kuirudisha mota kwa mashine ya uchunguzi. Fundi akiisukuma pistoni kwa nguvu za klampu, anaivunja mota ndani ya kalipa.

Mwisho soma namba nne ubavuni mwa kila tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikitofautiana kati ya tairi na tairi, chukua futi ya cherehani, pima mzingo wa kila moja ikiwa na upepo uleule, na uandike milimita zake kabla ya kuzungumza bei.